Mboga Ndani ya Nyumba Lamu: Jinsi ya Kuendesha Mbolea na pH Kwenye Ndoo za Haidroponiki

Miongozo mingi ya haidroponiki, yaani kulima bila udongo kwenye maji yenye mbolea, huanza na mbolea. Kwa mtu wa Lamu huo ni mwanzo wa kupotea. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mchanga na matumbawe, maji ya mji hutoka kwenye visima vya vilima vya mchanga vya Shela, na nyumba nyingi za zamani bado zina birika la chokaa la kuhifadhia maji. Maji yanayopita kwenye mawe ya matumbawe hubeba kalsiamu na bikaboneti, na kisima kilicho karibu na pwani huongeza chumvi juu yake. Ukichota maji hayo na kuyatilia mbolea kwa vipimo vya mtu wa nchi ya maji laini, sukuma wiki yako itageuka njano nawe utalaumu mbegu.

Kwa hiyo hapa tutaanza na maji, na tutakaa nayo sana. Ninachukulia kwamba umeshaandaa ndoo ya lita 20 yenye mfuniko uliotobolewa, vikombe vidogo vya kushikilia miche, na mahali penye mwanga: kando ya kiwanda cha nyumba (ua wa ndani), kwenye dirisha la juu, au chini ya taa za LED ukiziwasha saa 12 hadi 16 kwa siku. Mboga ziwe za majani: sukuma wiki, mchicha, spinachi, saladi, mrihani. Nyanya na pilipili ziache hadi mkono uzoee.

Vifaa ambavyo huwezi kuvikwepa

Kipima pH cha kalamu (pH ni kipimo cha asidi: chini ya 7 maji yana asidi, juu ya 7 yana ualkali), kipima EC cha kalamu (cha chumvi zilizoyeyuka, nitaeleza hapa chini), mizani ndogo inayosoma sehemu ya kumi ya gramu (zile za mfano wa sonara zinafaa kabisa), mabomba ya sindano ya duka la dawa yasiyo na sindano, na daftari. Kama fedha ni za kipima kimoja tu, nunua cha EC, na pH upime kwa matone ya rangi. Matone hayahitaji kusawazishwa. Kipima pH cha bei nafuu kisichosawazishwa kitakudanganya kwa uso mkavu, na ni heri usiwe nacho.

Kusawazisha ni kuchovya kipima kwenye maji ya kipimo ya pH 6.86 (au 7.00) kisha ya 4.00, na kukiambia kisome hivyo. Fanya hivyo kila baada ya wiki mbili. Ncha ya kioo ya kipima isikauke, wala usiihifadhi kwenye maji safi ya mvua. Inataka maji ya kuhifadhia yenye kloridi ya potasiamu, matone machache ndani ya kifuniko.

EC hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, na kwa hiyo chumvi zote zilizoyeyuka ndani yake. Haikuambii ni chumvi gani. Chumvi ya bahari na mbolea, kwake ni mamoja. Halafu angalia alama: vipima vingine husoma ppm badala ya EC, na hapo pana mtego, kwa sababu EC ya 1.0 kiwanda kimoja huiita ppm 500 na kingine 700. Mtu akikuambia "mimi natia ppm 800", muulize kipima chake ni cha namna gani. Katika mwongozo huu nitatumia EC peke yake, kwa kipimo cha milisimensi.

Hatua ya 1: Pima maji matupu

Chota maji unayokusudia kutumia, yaache yapoe kivulini, pima EC na pH, andika. Mzee wa nyumba anaweza kukuambia "maji haya twayanywa tangu zamani, hayana neno", na atakuwa amesema kweli kuhusu kunywa. Mmea una mipaka mingine.

EC chini ya 0.3 ni maji mazuri mno. Kati ya 0.3 na 0.7 yanafaa, ukijua unachofanya. Ikikaribia 1.0, yachanganye na maji ya mvua. Ikipita hapo, yaache ya kuoshea vyombo. Ujue pia kwamba maji ya bahari yana EC ya 50 na kitu, kwa hiyo sehemu moja tu ya maji ya bahari katika mia inatosha kuongeza karibu 0.5. Kisima hakihitaji kuingiliwa na bahari waziwazi ndipo kikuharibie. Pima tena mwishoni mwa kaskazi, kabla ya masika, visima vinapokuwa vimechotwa sana na mvua haijarudi: namba ya Novemba isikufanye ulale.

Maji ya mvua ndiyo rafiki yako. Ya paa la mabati ni bora, na mvua ya mwanzo iache ipite ioshe vumbi na mavi ya ndege. Ya makuti huja na rangi ya chai na uchafu mwingi, mimi siyatumii. Maji ya jabia au ya birika la chokaa yapime kama maji mengine yoyote, maana birika lililopakwa chokaa upya laweza kupandisha pH juu ya 8 ingawa maji yenyewe yametoka mbinguni.

Hatua ya 2: Pima ubishi wa maji

Hapa ndipo wengi wanapochoka na kuacha. Unatia asidi, pH inashuka hadi 5.8, unafurahi. Asubuhi unakuta 7.2. Unatia tena. Kesho yake tena. Mtu huona asidi yake ni feki, au kipima kimekufa, kumbe kinachofanya kazi ni bikaboneti. Ni kama boya la wavu, ulizamishe utakavyo, ukiliachia laibuka. Asidi inapokutana na bikaboneti hutoa hewa ya ukaa na maji. Hewa hiyo hukaa ndani ya maji kwa muda ikishusha pH, kisha hutoroka na pH hupanda. Mpaka bikaboneti iliyo nyingi iishe, kila asubuhi itakuwa hivyo hivyo.

Namba ya pH ya maji matupu, basi, haikuambii kitu kikubwa. Maji ya mvua ya pH 7 na maji ya kisima ya pH 7 ni viumbe wawili mbalimbali: ya kwanza tone moja la asidi huyaangusha, ya pili yatakula chupa. Unachotaka kujua ni lita moja ya maji yako inakunywa asidi kiasi gani.

Tengeneza asidi nyepesi: asidi ya fosforasi ya asilimia 85, sehemu moja, ndani ya sehemu tisa za maji ya mvua. Asidi huingia kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Vaa glavu na miwani, fanyia nje au dirishani, na chupa iandikwe jina na kufungiwa mbali na watoto. Isikaribiane na dawa ya klorini ya kufulia nguo, kwani zikikutana hutoa hewa ya sumu.

Sasa weka lita moja ya maji yako kwenye chupa pana. Tia asidi nyepesi kwa bomba la sindano, mililita 0.2 kwa 0.2, ukitikisa na kupima, hadi 5.8. Andika. Iache wazi hadi kesho, au iwekee pampu ya hewa ya tangi la samaki kwa saa chache. Pima tena, ongeza hadi irudi 5.8, jumlisha.

Jumla ikiwa chini ya mililita 1, una maji yanayosikia. Ikiwa kati ya 1 na 2, changanya na mvua nusu kwa nusu. Ikipita 2, punguza zaidi maji ya kisima au usiyatumie kabisa. Sababu ya mipaka hii si ubahili wa asidi. Kila mililita moja ya asidi hiyo nyepesi huingiza karibu miligramu 45 za fosforasi kwenye lita, na hicho ni kiasi ambacho mboga ya majani inakihitaji chote kwa jumla. Mbolea nayo inakuja na fosforasi yake. Zikizidi, fosforasi hushikana na kalsiamu na chuma, zikatua chini ya ndoo kama unga mweupe, na mmea ukabaki na njaa mbele ya sahani iliyojaa. Wenye mashamba makubwa hutumia asidi ya naitriki kukwepa hilo, lakini hiyo ni kali na ya hatari zaidi, sipendi kuiona ndani ya nyumba yenye watoto.

Siki na ndimu? Zinashusha pH, kweli, kwa siku moja au mbili. Bakteria huzila, pH hurudi, na maji huanza kunata na kunuka. Asidi ya sitriki ya unga ni vivyo hivyo. Kwa kujifunzia si mbaya, kwa kulimia hapana. Maji ya betri yaliyotoka kwenye betri kuukuu yana risasi, usiyatie kabisa kwenye kitu utakacholisha watu.

Hatua ya 3: Chunguza kile kinachoshika mizizi

Changarawe ya matumbawe na mchanga wa ufuoni wenye makombe vitapandisha pH yako kila siku, hata maji yako yawe ya mvua tupu. Jaribio lake ni la dakika moja: weka kiganja kimoja kwenye kikombe, mimina siki. Ukisikia kukichemka na kuona mapovu, hiyo ni chokaa. Tupa. Kokoto za mawe meusi kutoka bara hazitoi povu.

Usumba wa nazi ni mzuri mno kwa mizizi, nasi tunao, ila uulize ulikotoka. Makumbi yaliyofukiwa kwenye tope la pwani ili yalainike kwa kusokotea kamba hutoka yamelowa chumvi ya bahari. Loweka usumba kwenye maji ya mvua, kamua, pima EC ya maji uliyokamua. Rudia hadi ishuke chini ya 0.5. Kama huna subira hiyo, kipande cha sifongo safi kitashika mche bila matata.

Hatua ya 4: Changanya mbolea

Unataka mbolea inayoyeyuka yote, iliyotengenezwa kwa haidroponiki, yenye madini madogo ndani yake: chuma, manganizi, zinki, shaba, boroni, molibdeni. Mbolea ya shambani ya punje haifai, na yurea haifai, kwa kuwa inahitaji vijidudu vya udongo viigeuze kwanza. Mbolea hizi huagizwa kupitia maduka ya pembejeo Mombasa au Nairobi na kuletwa kwa basi hadi Mokowe, kisha boti. Mfuko mdogo hukaa muda mrefu ukiwa mkavu, na unyevu wa kisiwani ni adui yake: uweke kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana.

Mchanganyiko unaotumika sana kwa mboga za nyumbani ni wa vitu vitatu. Kwa lita 20 za maji, nguvu kamili ni:

- mbolea ya NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) 4-18-38 yenye madini madogo, gramu 12
- magnesiamu salfeti, gramu 6
- kalsiamu naitreti, gramu 12

Tia kwa mpangilio huo huo, kimoja kiyeyuke kabisa ndipo kingine kifuate, na kalsiamu iwe ya mwisho. Usichanganye unga wa kalsiamu na vile viwili kwenye kikombe kimoja cha maji kidogo. Kalsiamu ikikutana na salfeti au fosfeti zikiwa nzito hushikana papo hapo, maji yanageuka maziwa, na fedha yako imekuwa jasi. Ndani ya lita 20 zilizokwisha kuzimuliwa hakuna tatizo.

Nguvu kamili huongeza EC ya maji kwa kama 1.6 au 1.8. Mche mchanga utilie nusu yake, saladi na mrihani theluthi mbili, sukuma wiki na spinachi nguvu kamili. Hapa EC ya maji matupu itoe kwenye hesabu. Maji yako yakianza na 0.5 ya chumvi, nawe ukasimama 1.6 kwa sababu kitabu kimesema 1.6, umelisha mmea 1.1 tu ya chakula. Pima ongezeko, na jumla yote isipite 2.3 kwa mboga za majani. Kwenye joto letu mmea hunywa maji mengi, na EC kali huunguza ncha za majani haraka.

Maji ya kisima yenye kalsiamu nyingi yanaruhusu kupunguza kalsiamu naitreti kidogo, lakini usipunguze sana, maana ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya naitrojeni ya mchanganyiko huu.

Hatua ya 5: pH huja mwisho

Maji uliyoyatibu kwa asidi kwa kipimo ulichokipata kwenye hatua ya 2 yakishapewa mbolea, pH itakuwa imesogea tena kidogo. Subiri nusu saa, pima, rekebisha. Lengo ni 5.5 hadi 6.5, na mimi huanzia 5.7 kwa sababu najua kwa maji yetu safari ni ya kupanda. Kumbuka kipimo cha pH kinaruka kwa kumi: maji ya 5.5 yana ukali mara kumi ya maji ya 6.5. Kwa hiyo karibu na lengo, tia tone moja moja.

Ukipitiliza ikashuka chini ya 5, njia rahisi ni kuongeza maji matupu ya kisima, kwani bikaboneti ile ile iliyokusumbua sasa itakusaidia. Magadi yaache jikoni, yanaongeza sodiamu, na sodiamu tunayo tele.

Juu ya 6.5 chuma ndicho cha kwanza kupotea. Soma kwenye mfuko wa mbolea chuma chake kimefungwa kwa kemikali gani ya kukishika kisitue chini. Kilichofungwa kwa EDTA hushindwa pH ikipita 6.5 hivi, cha DTPA huvumilia hadi karibu 7, na cha EDDHA hubaki imara hata juu ya hapo na hutia maji rangi nyekundu. Kwa maji ya matumbawe DTPA inastahili bei yake.

Hatua ya 6: Kila asubuhi dakika tano

Pima EC, pH na kina cha maji, kabla jua halijapanda. Namba tatu zikisomwa pamoja husema mengi:

Maji yamepungua na EC imepanda: mmea umekunywa maji zaidi ya chakula. Ongeza maji matupu yaliyotibiwa, bila mbolea. Miezi ya joto, Januari hadi Machi, hili ndilo utakaloliona zaidi.

Maji yamepungua na EC imeshuka: mmea una njaa. Ongeza maji yenye mbolea.

Maji yamepungua na EC imesimama pale pale: umepatia. Jaza kwa mchanganyiko ule ule.

Kuhusu pH, kupanda kidogo kidogo ni kawaida hata kwenye maji ya mvua, kwani mizizi ikinyonya naitreti huachia vitu vya kupunguza asidi. Ikienda kutoka 5.7 hadi 6.3 kwa siku kadhaa, iache, usiikimbize kila saa. Ikishuka yenyewe ghafla, fungua mfuniko unuse: mizizi inayooza huanza na harufu kabla ya majani kuonyesha.

Na joto. Maji ya nyuzi 20 hushika oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 hushika 7.5 hivi, na wakati huo huo mizizi huhitaji zaidi na ukungu wa kuozesha hustawi. Weka ndoo sakafuni kwenye chumba cha kuta nene, si juu ya dari. Izungushie gunia lililolowa maji, upepo wa kusi utafanya kazi iliyobaki. Chupa ya maji iliyogandishwa ikitumbukizwa saa sita mchana husaidia. Pampu ya hewa iwe na betri ya akiba kama umeme wenu hukatika, au tumia njia isiyo ya pampu, ile iliyofanyiwa kazi na Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii: unaacha maji yapungue yenyewe, na mizizi ya juu ikae hewani. Kwa saladi na mrihani wa vikuba inatosha kabisa.

Ndoo iwe haipitishi mwanga, la sivyo mwani wa kijani utakula mbolea yako na kuyumbisha pH mchana na usiku. Kila tundu lizibwe kwa chandarua. Maji safi yaliyotulia ndani ya nyumba ndiyo anayoyataka mbu wa homa ya dengi.

Majani yakisema

Angalia kwanza jani lililogeuka ni la juu au la chini, ndipo ufikirie mbolea. Majani mapya ya juu yakiwa njano huku mishipa imebaki kijani, ni chuma, na chuma kwa kawaida maana yake ni pH iliyopanda: shusha pH kabla ya kununua chochote. Jani la chini likiwa na sura hiyo hiyo ni magnesiamu. Majani ya chini yakipauka yote pamoja na mishipa ni naitrojeni. Kingo za majani ya chini zikiungua ni potasiamu, au chumvi imezidi, na EC itakuambia ni ipi. Ncha za majani machanga ya saladi zikikauka ni kalsiamu isiyofika, mara nyingi kwa joto na hewa iliyosimama. Feni ndogo hutibu hilo kuliko mbolea.

Hatua ya 7: Kubadilisha maji yote

Baada ya wiki mbili hivi, au mapema ikiwa maji yako ya kuanzia yalizidi 0.5, mwaga ndoo yote. Mmea huchukua kile unachotaka na kuacha sodiamu na kloridi, kwa hiyo EC inaweza kusoma 1.8 huku nusu yake ikiwa chumvi tupu. Kipima hakitakuambia, tarehe kwenye daftari itakuambia.

Maji hayo ya zamani yasimwagwe karibu na kisima. Mpe mnazi au mwembe, ukizungusha mahali kila mara ili chumvi isijirundike upande mmoja. Sugua ndoo, suuza kwa klorini nyepesi, suuza tena kwa maji matupu hadi harufu iishe, na ukishaijaza maji mapya anza tena kwa kupima EC ya maji hayo kabla hujagusa mfuko wa mbolea.